Kisichokula Moshi Hakidumu

Wenzangu mliokulia Mwika enzi za redio za mbao, hebu nisaidieni: vitu vyetu vilikuwa vinadumuje? Maana siku hizi nikinunua simu, hata kabla sijatoka dukani roho inaanza kunidunda, nawaza itakufa lini.

Sisi vitu vyetu havikufa, vilirithiwa. Baba alikuwa na redio moja tu, na kwenye pombe ya mbege wazee walibishania majina ya redio mpaka povu linawatoka. Huyu anaapa ya Kijapani ndiyo ngumu, yule anasema hakuna kama ya Kiholanzi. Betri zikichoka hatukuzitupa. Tulizianika kwenye vichanja vya kahawa, katikati ya buni, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza pamoja na kahawa yenyewe. Jioni baba alizing'ata kidogo kwa meno, akazirudisha, redio ikakohoa weee, kisha ikasoma taarifa ya habari.

Lakini fundi wa kudumisha vitu alikuwa mama. Juu ya mafiga ya jikoni kwake kulikuwa na dari la miti, jeusi kwa masizi. Huko zilikaa mbegu za mahindi na maharage, mpini mpya wa jembe, na baba akisafiri, redio nayo ilipanda huko tusiichezee. Hakuna mdudu aliyethubutu kugusa kitu. "Kisichokula moshi hakidumu," mama alituambia, machozi ya kuni mbichi yakimtiririka. Nasi tuliamini, maana mtori wetu wa ndizi ulinukia moshi, sweta zetu za shule zilinuka moshi, na tulikua tukanenepa. Redio ile ipo mpaka leo. Ukiipiga kofi inaongea.

Sasa mtazameni mwanangu Baraka. Simu yake ina macho matatu nyuma, na bado haoni pa kuiweka ikakaa salama. Kioo kikipasuka anasema, "Mama, hii ilishapitwa na wakati." Haijamaliza hata misimu miwili ya kahawa! Kompyuta yake ndiyo kabisa, ukiichomoa kwenye umeme inazimika kama kibatari kwenye upepo.

Mama yangu yeye alikuwa na kitochi chake, kisimu cha vibonye, namba zimefutika zote, kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na alipiga kwa kupapasa tu. Siku ng'ombe alipokikanyaga, nikaona afadhali nimnunulie simu ya kupangusa ili awaone wajukuu. Kijana wa dukani akanieleza: "Hii ukiitunza, miaka miwili, mitatu. Ile yenye jina kubwa inakaa zaidi, ila uwe na mfuko." Nikachukua ya kwanza.

Mwanzo tulifurahi. Tulimwona paji la uso tu, maana aliishika juu juu, lakini tulimwona. Kisha Jumapili moja nikapiga, nikajibiwa na yule dada wa mtandao: namba unayopiga haipatikani. Jumatatu vilevile. Jirani yake alikuwa ameenda msibani Rombo. Jamani, mama wa umri ule, peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo, na mvua zimeshika! Hapa Soweto, huku mjini, nilikuwa nachoma chapati mpaka zinaungua. Nilimwona ameteleza mgombani, nilimwona kitandani anaita. Jumanne sikungoja chai, nikapanda mlimani.

Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama!" nilipiga kelele nikiwa bado njiani.

"Marahaba. Kwani kuna msiba?"

"Simu yako iko wapi, mama?"

Akanitazama kwa fahari, akanishika mkono hadi jikoni. Akapanda kigoda, akapeleka mkono darini katikati ya mahindi ya mbegu, akatoa kifurushi cha khanga. Simu ilikuwa ndani, imevimba mgongo, kioo kimekunjamana kwa joto la moto.

"Si mnasema za siku hizi hazidumu?" akasema. "Nikaona niitunze."

Nikakaa chini pale pale kwenye majivu. Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akadhani nalilia simu.

"Nyamaza mwanangu. Hivi ingekaa miaka mingapi hiyo?"

"Miwili, mama. Ukiitunza, mitatu."

Akaifuta masizi kwa ncha ya khanga, akafikiri kidogo. "Aa, basi ingenitosha," akasema, na akarudi kwenye majani yake.

Kesho yake nilikuwa dukani tena. Kijana akaniuliza nataka ya kampuni gani. Nikamwambia sijali kampuni, anipe inayodumu kuliko zote. Akanipa kitochi, akaniambia, "Hii, mama, utaichoka mwenyewe." Mama amekipokea, na ameapa hakitapanda darini. Kila asubuhi napiga, nahesabu miito mpaka nisikie "Haloo" yake.

Enzi zile tukiwa wadogo, tulilala tukiogopa redio itazimika; baba na mama tulijua watabaki. Siku hizi naogopa simu itabaki inaita, inaita, na chaji imejaa.