Kidole Ndani ya Gunia la Sukari

Mimi, bingwa wa kubana matumizi Handeni nzima, juzi nilipatikana. Kwenye duka la kijiji, mama mmoja mwenye mapacha aliomba robo kilo ya sukari.

"Imekwisha, mama," akajibu muuzaji.

Nikadakia: "Uji tia chumvi! Mtoto mdogo hajui tofauti."

"Chumvi natia siku zote, mzee wangu. Sukari nawapaka midomoni tu, wakadhani uji wote ni mtamu. Robo hufika mwezi."

Akalamba kidole, akakipitisha ndani ya gunia tupu la sukari pale dukani, akampaka pacha wa kwanza. Akarudia. Safari hii kidole kilitoka na nyuzi za katani tu.

Pacha wa pili alikwishafungua mdomo.

Ubingwa wangu nimeuacha pale dukani. Mwenye kuutaka akauchukue, hauna foleni.