Chembe za Dada Zilizobaki Mjini

Dada yangu tulimzika kijijini kwetu Hombolo, nyuma ya shamba letu la zabibu. Siku ya kuanua matanga ilipofika, mama akakataa. Alisema mwanawe hajaisha kufa.

Dada aliumwa tangu utotoni. Kinga ya mwili wake ilikuwa haifanyi kazi, kila kidonda kilikuwa safari ya hospitali mjini. Huko mtafiti mmoja aliomba damu yake kidogo ya kuchunguza maabara. Mama akakubali, na dada mwenyewe akanyoosha mkono. Mtafiti alituonyesha kichupa kidogo kuliko kidole changu. Alisema ndani mna protini ya kinga ya binadamu, ila haikutoka kwa mtu. Imetengenezwa na bakteria waliopandikizwa maelekezo ya mwili wetu ya kuiunda. Chembe nyeupe za damu zikidondoshewa hiyo, zinaamka na kuongezeka. Zikiikosa, zinakufa.

"Basi mdondoshee yeye mwenyewe," mama alisema.

"Mama, hii si dawa. Ni ya maabara tu. Nikimchoma naweza kumuua."

Dada akacheka. "Yaani damu yangu inakula vizuri kuliko mimi."

Alifariki kabla ya mavuno. Mtafiti alikuja kutupa pole. Mama alipomuuliza ile damu iko wapi, akajibu ukweli: chembe zake bado zi hai maabara, zinalishwa ile protini.

Ndipo tuliposhindwa kumaliza msiba. Shangazi alichoka. "Wifi, watu wana mashamba. Utawalaza kwenye mikeka mpaka lini kwa ajili ya matone ya damu?"

"Wewe ungeanua matanga ya mtu anayekula?"

Asubuhi mama aliniita jikoni. "Nenda mjini. Usiseme wamuue. Sema wasimpe tena."

Mimi si msemaji. Nilisimama mlangoni mwa maabara mpaka mtafiti akaniona.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

Nikamwambia maneno ya mama kama yalivyo. Hakuuliza sababu. Aliuliza kama ningependa kuziona. Kwenye hadubini zilikuwa duara, zinang'aa, zimejikusanya vishada vishada kama zabibu changa. Nilitazama mpaka machozi yakajaa nikawa sizioni. Nilitaka kumwambia azipe kidogo, ya leo tu. Sikusema. Akakirudisha kichupa cha protini kwenye friji bila kukifungua.

"Zitachukua siku chache," alisema.

Nyumbani nilimweleza mama hivyo hivyo. Shangazi akasema vizuri, sasa mikeka ikunjwe.

"Siku chache," mama alisema. "Nitakaa naye hizo."

Majirani wakaaga, mmoja mmoja. Shangazi alikuwa ameshafunga mfuko wake wa nguo. Akauweka chini, akajinyoosha mkekani kando ya mama.