Kiraka Kisichopasuka

Mtaalamu wa plastiki hupima unga wake akiwa amebana pumzi. Unga wenyewe ni laini kuliko moshi, chafya moja tu inapeperusha kazi ya wiki nzima. Huuchanganya na gundi ya plastiki, tena chembe tu, maana ukizidi hushikana madonge na plastiki ikawa dhaifu kuliko mwanzo. Ikikauka, huikata vipande na kuvivuta kwa mashine mpaka vikatike. Kipande kinachogoma kukatika hukipapasa kama kichwa cha mtoto aliyefaulu mtihani. Hata nyumbani, mkewe akimuuliza jambo, hubana pumzi kwanza.

Juzi beseni la kufulia lilipasuka, naye akaliziba kwa mchanganyiko wake, baada ya kuupima kwa mizani ya maabara. Leo asubuhi mkewe akamwita uani. Maji yalikuwa yametapakaa mpaka mlangoni. Beseni lilikuwa limepasuka upya, pembeni kidogo tu ya kiraka. Mtaalamu alichuchumaa kwenye maji, akapitisha kidole juu ya kiraka chake taratibu, uso ukamchangamka.

"Unaona? Hapa hata ufa hakuna. Iliyoshindwa ni plastiki ya kiwandani."

"Hongera, baba watoto," alisema mkewe, huku akikamua koti jeupe la maabara lililokuwa bado na mapovu. "Basi kuanzia leo koti lako nitalifulia kwenye kiraka."

Mtaalamu akabana pumzi.