Damu Nyingi ya Tata

Kwetu Bwera mtu mwenye damu anasifiwa kuliko mwenye shamba. Malaria inawakausha watoto, wanawake wanarudi kutoka kujifungua midomo ikiwa myeupe, kwa hiyo kila jiko lina sufuria ya majani ya parachichi yanayochemka mpaka maji yawe mekundu. Kila mama anajua kuvuta ukope wa chini wa mtoto na kusema kama damu ipo au imekwisha. Na mgonjwa akihitaji kuongezewa, ukoo unamtuma mwenye damu wake. Wa kwetu alikuwa Tata, ndivyo tunavyomwita baba. Alikuwa na shingo nene, viganja vyekundu na macho mekundu, na watu wakimtazama walikuwa wanaridhika kama ni wao waliomlisha.

Alikuwa mchoma matofali. Miaka mingi alikaa mbele ya tanuri akilisha kuni na kuvuta tumbaku, na alipoacha tanuri hakuacha tumbaku. Alikohoa, lakini sisi tuliona kikohozi ni cha kazi, kama mikono yake migumu.

Mimi nafanya biashara Kasese, nauza mchele na mboga ninazonunua Mubuku, na kila msimu wa kahawa narudi nyumbani kusaidia. Safari hii nilikuta mambo yamebadilika. Miaka yote Tata na Mama walipanda pamoja mpaka shamba letu la Kyondo, wakalala kwenye kibanda huko juu kulinda kahawa inayokauka, maana wezi wa kahawa hawana huruma. Sasa goti la Mama lilikuwa limegoma. Tata akatangaza kwamba Jumatatu atapanda peke yake na kubaki huko mpaka kahawa ikauke. Mama alikunja kanga yake magotini na kuikunjua tena, na mimi nikadhani anaogopa wezi.

Jumamosi wakusanya damu walikuja kwenye kiwanja cha kanisa. Tata alivaa shati jeupe, akakunja mkono kabla hata hajafika mbele. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kimashine chake, akamtoboa kidole cha mkono wa pili, akatazama tena.

"Muzee, leo hatutoi. Damu yako imepita kipimo."

Nilipandwa na hasira palepale. Hasira yangu haijawahi kungoja foleni.

"Sista, batoto banakufa juu ya kukosa damu, na nyinyi munakataa ya mutu mwenye iko nayo mingi?"

Watu nyuma yetu wakaunga mkono. Muuguzi hakubishana nami. Alichukua kibanio kidogo cha kupima oksijeni, akakibana kwenye kidole cha Tata, akangoja, akakihamishia kidole kingine.

"Hewa ndani ya damu iko kidogo," akasema. "Muzee, unakoroma?"

"Nakoroma kama mutu mwenye ameshiba," Tata akajibu, na kiwanja kizima kikacheka.

"Basi uende hospitali baangalie mapafu na usingizi wako. Usikawie."

Hakwenda hospitali. Alikwenda sokoni, na kwa kila meza aliyosimama alisimulia kwamba damu yake imejaa mpaka wenye kuichukua wameshindwa nayo. Watu walimpa mkono. Mwuza samaki mmoja alimwambia, "Wewe, muzee, hautakufa leo wala kesho." Nilicheka pamoja nao, lakini njiani kurudi nyumbani Tata alisimama kwenye mwinuko mdogo tu, akajishika kiuno, akajifanya anaangalia mihogo ya jirani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikakumbuka maneno ya muuguzi.

Kutoka pale nikaanza kumwandama. Nilimwambia usiende Kyondo, tutafute mtu wa kulinda. Akaniambia kahawa haitunzwi na mtu wa kukodi. Nikamwambia basi twende kwanza hospitali. Akaniuliza ni lini nilimwona mgonjwa mwenye damu nyingi kuliko daktari. Tulipandishiana sauti mpaka kuku wakatoka uani. Jioni hiyo alifunga blanketi lake kwa kamba, akaliweka karibu na mlango ili nilione.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani, tukala bundu, ule ugali wetu wa muhogo, na maharagwe, na Tata akalala palepale kwenye kiti chake, kichwa nyuma, mdomo wazi. Mama alikaa kwenye kigoda karibu naye akichambua maharagwe ya kesho. Mlio wa koromo ulijaza nyumba. Kisha ukakatika.

Mimi nilishukuru kwa ukimya. Mama hakushukuru. Vidole vyake vilisimama ndani ya ungo, akatega sikio, halafu bila kuinua macho akanyoosha mguu wake mzima na kupiga mguu wa kiti. Tata akashtuka, akavuta hewa kwa mkwaruzo mkubwa, akaendelea kukoroma. Mama akaendelea na maharagwe.

Baada ya kitambo kidogo ikawa vilevile. Kimya, vidole vikasimama, mguu ukapiga.

"Mama, unafanya nini?"

"Namuamsha pumzi."

Alisema kama mtu anayesema anafukuza nzi. Nikamuuliza kama na usiku anafanya hivyo. Akaniangalia kwa mshangao, akauliza ni nani mwingine angefanya. Usiku analala mkono ukiwa juu ya kifua cha Tata, pumzi ikikatika anamsukuma. Alianza zamani, sisi tukiwa wadogo. Mama yake mwenyewe alikuwa akimwamsha baba yake hivyo, kwa hiyo alijua ni kazi ya mke, kama kuteka maji. Ndipo nikaelewa kile alichokuwa anakunja na kukunjua kwenye kanga. Hakuwa anaogopa wezi. Kule Kyondo hewa ni nyepesi zaidi, na hakutakuwa na mguu wa kupiga kiti.

Nilitoka mbio, nikagonga kwa jirani yetu mwenye duka la dawa. Alikuwa na kibanio cha kidoleni kilichobaki tangu enzi za korona. Nikarudi nacho, nikakibana kwenye kidole cha Tata polepole, nikawasha kamera ya simu. Nilijua Tata hataamini maneno yangu. Nilitaka aone kwa macho yake.

"Akinyamaza usipige," nikamnong'oneza Mama. "Kidogo tu."

Koromo likakatika. Namba kwenye kibanio haikushuka mara moja, ilingoja kama inaona haya, kisha ikaanza. Ikaacha tarakimu za themanini. Ikaingia za sabini. Kifua cha Tata kilikuwa kinahangaika kupanda, lakini hakuna hewa iliyoingia, na midomo yake ikageuka rangi mbele yetu. Namba iliposhuka tena Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akapiga kile kiti kwa nguvu hata ungo ukamwagika na maharagwe yakatawanyika sakafuni.

Tata akafungua macho. "Sikuwa nimelala," akasema.

Nikampa simu. Niliomba atazame namba. Alizitazama kidogo tu. Kisha akarudisha video nyuma, akaitazama tena, na safari hii kidole chake kilifuata pembeni ya picha, pale alipoonekana Mama amekaza taya, mguu ukiwa hewani, akizuiwa na mimi.

"Toka lini?" akamuuliza Mama.

"Toka zamani, mzee wangu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaamka."

Tata akainama kwa shida, akaanza kuokota maharagwe. Blanketi la mlangoni halikuguswa tena, na asubuhi ya Jumatatu, badala ya kupanda Kyondo, alishuka nami na Mama mpaka hospitali moja Kasese. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kulinda kahawa.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye subira, na hilo lilikuwa jema kwa sababu mimi sikuwa nayo. Alimpima Tata damu, mapafu na moyo, akamwachia kibanio kidoleni akiwa amelala, kisha akatueleza. Kila hewa inapopungua, figo zinaona. Zinatuma ujumbe ndani ya mifupa, kwenye uboho, damu inakotengenezwa: ongeza chembe nyekundu, hewa haitoshi. Kwa mtu ambaye mapafu yamechoka kwa moshi na koo linajifunga usingizini, ujumbe huo unatumwa usiku baada ya usiku. Uboho unatii. Damu inaongezeka mpaka inakuwa nzito, na moyo unachoka kuisukuma.

"Kwa hiyo hii damu yangu..." Tata akaanza.

"Ni mwili wako unalia njaa ya hewa, mzee. Miaka mingi."

Alitazama viganja vyake, vile viganja vilivyosifiwa soko zima. Nilimwonea huruma. Hakuna aliyemdanganya. Sote tulimpenda kwa ile damu.

Waliamua kumpunguza damu. Mfuko ukajaa kwenye ukingo wa kitanda, mweusi mweusi, na Tata akauliza mtoto gani atapewa. Muuguzi akamwambia hapewi mtu, damu hiyo inatupwa. "Munatupa?" akauliza, na akaugeuzia uso ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona baba yangu akilia.

Baadaye walimvalisha kinyago chenye mashine inayosukuma hewa kooni ili lisijifunge, wakasema tutahitaji kutafuta ya kwenda nayo nyumbani, na tumbaku ndio basi. Akalala saa za mchana, jua likiwa dirishani. Namba ya kidoleni ilianza na tisa, ikabaki na tisa. Hakukoroma. Mama alikaa kwenye kiti kando yake, akiitazama ile namba asiyojua kuisoma. Nikamwambia alale kidogo, mashine inalinda. Alikataa, akakataa tena, kisha kichwa kikamwangukia begani.

Wodi ilikuwa kimya. Na katika kile kimya, Mama akiwa amelala fofofo, mguu wake ulinyooka wenyewe ukapiga mguu wa kitanda.