Mikwaruzo Kwenye Rimu za Baba

Baba yangu ni mbishi, nami nimemrithi, ndiyo maana tulibishana mwaka mzima kuhusu breki. Kila Jumatatu huteremka kutoka Chawia hadi soko la Mwatate na mikungu miwili ya ndizi nyuma ya baiskeli. Asubuhi za ukungu rimu zake za chuma hulowa, raba za breki zikateleza tu. Hapo yeye hukandamiza kwenye tairi soli ya akala, viatu vyake vya mpira wa gari. Mimi, kazini Voi, kila Jumatatu niliangalia simu zaidi kuliko kazi.

Mwishowe nilimshinda. Ijumaa moja nilipanda nyumbani, nikafungua magurudumu na kuyapeleka Mwatate kwa fundi wa madirisha ya chuma. Mimi nilizungusha gurudumu, yeye akagusisha grenda ubavuni mwa rimu kwa wepesi wa mtu anayempaka mtoto poda.

"Nikikaza mkono nitaimaliza," alisema. "Tunataka ikwaruzike tu, raba ipate pa kushika."

Nilirudi nyumbani, nikamwagia rimu maji makusudi na kujaribu kwenye mteremko wa lango letu. Breki zilishika mpaka nikacheka peke yangu. Nikarudi Voi nikijiona mwana mwema kweli.

Kosa langu ni kwamba sikumwambia Mama. Kwetu baiskeli husafishwa Jumamosi pamoja na viatu vya kanisa, na Mama hamwachii mtu kazi hiyo, kwa kuwa baiskeli hiyo ndiyo iliyombeba siku alipoolewa. Alipoona mikwaruzo, alijua kuna mtu ameharibu mali ya mumewe. Alitafuta msasa, akasugua hadi rimu zikawa laini, kisha akazimalizia kwa mafuta ya kupikia zing'ae.

Jumatatu Baba aliamini breki mpya. Akala akaziacha nyumbani, akavaa ndara za bafuni. Kwenye kona ya kwanza alibana breki, baiskeli ikazidi kwenda. Kilichomwokoa ni shamba la jirani la nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, na jirani huyo ndiye aliyenipigia simu.

Nilimkuta Baba amekaa uani, goti limefungwa kitambaa, anakula ndizi zilizopondeka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akimtazama Mama, huku anacheka.

Mama hakucheka. "Nilitaka tu uonekane nadhifu," alisema, akaanza kulia.

Nilikuwa nimepanda mlima na maneno makali tayari mdomoni. Niliyameza. Ninampenda sana mama yangu, na aliyekosa kumwambia ni mimi.

Kesho yake tulirudi kwa fundi, safari hii Mama ndiye aliyezungusha gurudumu. Grenda ilipozimwa alipitisha ukucha kwenye rimu, ikatoa sauti ya kukwaruza. Akapitisha tena, taratibu, kama anayekariri.

Siku hizi Jumamosi bado anang'arisha kila kitu, kengele hadi pedali. Akifika kwenye rimu huweka mafuta kando, akazipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha akapitisha ukucha na kutega sikio, maana raba nazo huzilainisha polepole.

Juzi alinipigia simu.

"Rimu ya mbele imenyamaza," alisema. "Nimeficha ndizi. Baba yako hateremki mpaka ukuje."