Siku Tulipotaka Kwenda Kuogelea Shimoni

Mama mkubwa wangu aliingia kwetu Keshero, mtaa wa Goma, siku ya mvua, akaketi kwenye kigoda karibu na jiko, na kwa miezi iliyofuata hakuvuka tena lango la ua. Hakuwa mgonjwa. Miguu yake ilimtoa milima ya Masisi mpaka Goma, tena kwa kupitia kila mahali ambapo watu hukimbilia kabla ya kukimbia tena. Alikuwa na sababu yake, na aliitoa bila aibu kwa yeyote aliyemwalika sokoni, kanisani, au hata kwa jirani kununua chumvi.

“Miye nikitokaka mu nyumba, sirudiake tena mule,” alisema. “Nyumba ya bwana yangu nilitoka, haiko. Ya mutoto wangu nilitoka, haiko. Ya Sake nayo ni vile vile. Hii yenu naipenda. Muniache nikae.”

Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Mama, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alijaribu kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa kumwita padri. Padri alikunywa chai, akacheka naye vizuri, akaondoka peke yake.

Kitu kimoja tu kilimfanya aongee kama msichana, nacho ni maji. Kwao kulikuwa na shimo. Ardhi ilididimia enzi za babu zao, likajaa maji ya chemchemi, na wasichana wa kilima kile walijua kuogelea kabla ya kujua kusonga ugali. Alituonyesha jinsi ya kukata maji akiwa ameketi palepale kwenye kigoda, hadi siku moja akapiga sufuria ya maharage ikamwagika yote. Tulikula ugali na chumvi, naye hakuomba radhi. Ziwa Kivu lilikuwa pale chini, mwendo mfupi, lakini alilidharau. Alisema Kituku, pale ufukweni, kuna macho mengi ya wanaume, na ziwa lenyewe halijui linaishia wapi. Yeye alitaka maji yenye ukingo pande zote.

Basi kaka yangu, kijana aliyependa kuongea kama mzee wa baraza, akaleta habari. Ng’ambo ya Mugunga, katikati ya mawe meusi ya volkano, kuna mahali ambapo mawe yaliporomoka yakaacha shimo kubwa, na chini yake kuna maji ya kijani, baridi, safi.

Mama mkubwa aligeuza shingo polepole. “Iko na ukingo pande zote?”

“Pande zote, mama mukubwa.”

Mama alimtazama Papa, Papa akamtazama Mama, na jioni ile ile mipango ikaanza. Sote tulijua kwamba jambo lenyewe si kuogelea. Tulitaka avuke lango.

Kwetu Congo watu watatu wakitaka kuchemsha chai huunda kwanza komite. Papa, Mnande wa Butembo ambaye maisha yake yote aliuza vitenge na kutawala foleni za wengine, alijichagua kuwa prezida. Mama akawa wa chakula. Kaka akawa wa kuonyesha njia. Mimi nilipewa kazi ya kunyamaza, na sikuifanya vizuri. Mama mkubwa tulimpa cheo cha konseye ili asikatae.

“Ni muzuri,” alisema. “Konseye anatoaka mashauri, haendake fasi hata moja.”

“Huyu wetu ataenda,” alisema Papa.

Siku yenyewe ilitutoa jasho. Jumamosi asubuhi kuna salongo, watu wote wanafagia mitaro. Jumatatu ni soko. Jumapili kuna misa, na Papa alikuwa mtu wa misa ya kwanza, ile ya kwaya ndefu. Tulibishana mpaka akakubali kwamba misa ya Jumamosi jioni nayo Mungu anaihesabu. Halafu, tulipokwisha kukubaliana, milio ya bunduki ikasikika upande wa Sake, tukaahirisha. Ikatulia, tukapanga tena. Ikalia tena. Tuliisogeza siku ile kama watu wanaosogeza harusi kwa sababu ya mvua, na kila tulipoisogeza Mama mkubwa alijifanya kusikitika.

Kisha likaja suala la mazuku. Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe na kutulia mabondeni na mashimoni, haina rangi, haina sauti, na inaua mbuzi na mwenye mbuzi. Alfajiri ndiyo inakuwa nzito kabisa. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua. Kwa hiyo Papa aliamuru tuondoke mapema, tufike jua likiwa kali, na atangulie kuku kuteremka. Kuku akisimama, nasi tunateremka. Kuku akilala, tunarudi nyumbani.

“Kuku yangu mwenye kutaga?” Mama aliuliza. “Apana. Mutafute ya kwenu.”

Konseye alikohoa, akatoa shauri lake la kwanza na la pekee. “Prezida njo mukubwa. Ashuke yeye mbele, akamate kuku mu mikono. Hivi tutajua ya wote wawili.”

Tulipiga makofi. Papa alicheka, ila baada ya muda.

Likabaki suala la kukaa. Mawe yale ya volkano yanakata nguo na nyama, na mgongo wa Mama mkubwa ulikuwa umechoka na mizigo ya miaka. Kaka akasema tubebe matela, godoro la sponji, tulikunje, alale juu yake akitoka majini. Wazo zuri, tukamsifu. Mama naye akaongeza sufuria kubwa, blanketi na mfuko wa karatasi zetu, vyeti vya ubatizo na vya shule, kwa sababu hakuna mama wa mji huu anayelala mbali na karatasi zake, hata akienda kuogelea.

Asubuhi ikafika. Mama mkubwa alijifunga kitenge kipya, akatembea mpaka langoni, akasimama. Alishika nguzo ya lango kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona akiogopa, na ghafla nikaichukia komite yetu yote.

“Tutarudia?” aliuliza.

“Magaribi tuko hapa, dada,” Mama alimjibu.

Akanikamata mkono, akaubana mpaka vidole vikaniuma, akavuka.

Sasa tuone alivyotuona jirani yetu, mama mwenye cherehani, aliyekuwa anafagia mbele ya mlango wake. Mbele, kaka na matela kichwani. Nyuma yake, Mama na sufuria na blanketi. Kisha Papa, mfuko wa karatasi kifuani na kuku kwapani. Kisha Mama mkubwa, ambaye hajatoka nje tangu afike, anatembea mbio mbio na mimi mkononi. Hatukuongea, maana tulikuwa tumechelewa. Papa alimsalimia kwa kichwa tu. Fagio lilianguka.

Katika mji wetu mtu akibeba matela kichwani asubuhi, hakuna anayeuliza anakwenda wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na avenyu yetu yote ilikuwa imeumwa. Nyuma yetu nikasikia mlango, kisha milango, kisha masufuria, kisha mtoto analia. Tulipokaribia barabara kubwa niligeuka. Watu walikuwa wamejaa njia nzima, matela vichwani, mbuzi kwenye kamba, na cherehani ya jirani juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inasukumwa na wanaume wawili kwenye mawe.

“Papa! Angalia nyuma!”

Papa aligeuka. Aliona majirani zake wote wanakimbia na vitu vyao. Na yeye, prezida, mpangaji wa safari, akapiga kelele: “Vita imefika! Mukimbie!”

Tukakimbia. Naapa tulikimbia, tena si upande wa shimo, bali upande wa mjini, kuelekea Himbi, sisi mbele na wao nyuma, kila mmoja akimwogopesha mwenzake. Kuku macho yalikuwa yamemtoka. Mimi nililia kwa hofu ya kweli.

Aliyesimama alikuwa Mama mkubwa. Alimvuta kaka shati, akaichukua matela, akaitupa kando ya barabara, akakaa juu yake.

“Miye nilikimbiaka sana,” alisema akihema. “Mbele ya vita kufika, batu ba kule inatokea banakuyaka kwanza. Ba Sake bako wapi?”

Tulitazama. Kutoka upande wa Sake alikuja mama mmoja na beseni la mandazi kichwani, anatembea taratibu, anatushangaa.

Mama mkubwa akamgeukia mama wa cherehani. “Nani alikuambia vita?”

“Niliona nyinye na matela.”

“Na sisi tuliona nyinye,” alisema Papa, kwa sauti ndogo.

Mtu mmoja akacheka, kisha barabara nzima ikacheka, isipokuwa wanaume wawili wa chukudu, ambao walimwambia Papa maneno nisiyoweza kuyaandika. Mama alinunua beseni lote la mama wa mandazi, tukagawia watu palepale, na hapo ndipo safari ilipokufa. Shimo lile sijaliona mpaka leo.

Tulirudi na jirani zetu, kelele tupu, kila mtu akisimulia jinsi mwenzake alivyokimbia. Mama mkubwa alitangulia. Kadiri tulivyokaribia nyumbani ndivyo hatua zake zilivyofupika. Langoni alichungulia kwanza. Kisha akaingia.

Tulimkuta amechuchumaa karibu na jiko. Sakafuni palikuwa na vikombe vyetu vya uji wa asubuhi, vichafu, sisimizi wameshavipata. Alikuwa amevuta beseni la maji.

“Uache, dada,” Mama alisema. “Mutoto ataosha.”

“Apana.”

Aliviosha kimoja kimoja, ndani na nje, kwa mchanga na maji, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta.

“Fasi zote nilikimbia niliachaka bikombe bichafu,” alisema. “Manyumba yote. Hii njo ya kwanza narudia kuosha.”

Mama aliketi sakafuni kando yake, akachukua kitambaa, akaanza kuvikausha.