Ukuta Ulioshindwa Kupumua

Fundi Chokaa hagombani na mtu, anagombana na saruji. Akipita mtaa wa zamani katikati ya mji, penye maghorofa ya mawe yenye roshani za mbao na mwaka wa kujengwa uliochongwa juu ya kila mlango, hutembea kama daktari wodini: anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, anaguna. Wenye maduka wamemzoea.

"Mgonjwa anaendeleaje, fundi?"

"Ana nafuu. Wewe ndiye uliyekonda."

Ukuta mmoja tu alikuwa haugongi, wa nyumba ya kona anapokaa mshona nguo, mjane ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. Ukuta ule, laini kama ganda la yai, ndio uliompa jina la ufundi miaka thelathini iliyopita.

Sasa mhandisi wa manispaa, binti mwenye kofia ngumu na maneno ya kuhesabu, alikuwa ameuchora alama nyekundu. Unyevu umefika madirishani, nyumba imechoka, ivunjwe. Shangazi alifunika cherehani yake, akaanza kupanga vitambaa kwenye maboksi. Hakulia mbele ya mtu.

Fundi alirudi nyumbani, chakula kikamshinda.

"Umemeza nini?" mkewe akamuuliza.

Ikabidi aseme. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa haina haraka: hulowekwa wiki kadhaa, hupakwa tabaka jembamba, likauke, ndipo lije jingine. Lakini enzi zile mkewe alikuwa mja mzito, mimba imefikisha siku zake, na yeye fundi alitaka amalize awahi nyumbani. Ukuta wa Shangazi akaupiga saruji. Chokaa huliacha jiwe litoe jasho, saruji hulifunga mdomo. Maji yakanasa ndani, yakaitafuna nyumba kimyakimya, huku watu wakimsifu.

"Nikisema, nani atanipa ukuta tena?"

"Usiposema, Shangazi atalala wapi?" Mkewe si mtu wa kuzunguka mbuyu. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na sifa zako. Kesho nenda."

Asubuhi mhandisi alipofika na karatasi zake, alimkuta fundi juu ya ngazi, nyundo na tindo mkononi.

"Mzee, shuka. Nyumba hii imeshahukumiwa."

"Mwanangu, umemhukumu asiye na kosa. Mwenye kosa ni mimi."

Akapiga. Lipu ikabanduka bapa zima, ikapasuka chini. Mawe yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa yameloa kama yametoka kuoga. Mhandisi akayachokoa kwa bisibisi. Haikuingia; jiwe lilikuwa bado gumu. Akapanda mpaka chini ya roshani, akapapasa, akakuta pakavu.

"Huku juu alipiga nani?"

"Marehemu mwalimu wangu. Kwa chokaa."

"Na huku chini?"

"Mimi. Kwa saruji."

"Kumbe daktari ndiye ugonjwa!" muuza viatu akaropoka, na kicheko kikazunguka varanda nzima. Fundi hakugeuka. Masikio yalikuwa yanawaka moto.

Mhandisi alishuka, akafikiri, akakunja karatasi. "Bandua yote. Nitapima unyevu baada ya miezi mitatu. Ukipungua, nyumba inabaki. Usipopungua, mzee, nitaivunja na utakuwepo unatazama."

Akaenda zake. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo.

"Miaka yote nakusifia kwa wateja wangu," alisema. "Mpaka nawashikisha ukuta."

"Nisamehe, Shangazi."

"Nitakusamehe ukimaliza." Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitambaa kichwani na mkasi mkuukuu mkononi, akachuchumaa na kuanza kuikwangua saruji ya chini, kule ambako fundi kwa mgongo wake ule asingefika bila kuugua.

"Wewe piga juu, mimi huku," akasema bila kuinua uso. "Na usinidondoshee kichwani, baba. Ulichonifanyia kinatosha."